Kabla Hujamkabidhi Barua ya Ajira: Namna ya Kumtaka Mwombaji wa Kazi Chuoni Aeleze Rekodi Yake ya Unyanyasaji wa Kingono

Nikiwa mwaka wa tatu katika kazi ya afisa utumishi wa chuo kimoja cha afya hapa Tabora, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. “Shikamoo mama. Nimepewa sapu, nirudie mtihani ambao sikufeli.” Ndani ya karatasi ile alikuwa amenakili kwa kalamu meseji 11 kutoka kwenye simu yake, kila moja na tarehe na saa, maana aliogopa kwamba simu yenyewe ingechukuliwa.

Mkufunzi aliyemtumia meseji zile nilimpokea mimi mwenyewe, miezi 14 kabla. Vyeti safi, leseni hai, wadhamini watatu, na barua ya shukrani kutoka chuo alikotoka. Shauri lilipokwisha na yeye ameondoka, nikampigia simu mkuu wa chuo kile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, “Dada yangu, hata hapa ilithibitika. Aliomba aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, tukaona bora yaishe.” Nikamuuliza mbona hawakutuambia. Akajibu, “Hamkuuliza.”

Ni kweli, hatukuuliza. Fomu yetu ya maombi ilimuuliza mtu dini yake, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Kama aliwahi kukutwa na hatia ya kumsumbua mwanafunzi kingono, hapakuwa na mstari. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mkuu wa chuo, afisa utumishi au mjumbe wa bodi anayetaka kuuweka mstari huo, na kuuweka vizuri, kwa sababu ukiwekwa vibaya unaweza kumwangamiza asiye na kosa na kumwacha mwenye kosa apite.

Unahusu chuo gani

Tabora ni mji wa vyuo. Kuna cha Reli, cha Ardhi, cha Nyuki, cha Utumishi wa Umma, cha Ualimu, VETA, na vyuo vya binafsi na vya madhehebu. Ni njia panda ya reli pia: ukisimama stesheni unaweza kwenda Mwanza, Kigoma au Dar es Salaam. Mkufunzi aliyeharibu Kigoma anaweza kushuka hapa na begi moja, na hakuna anayemjua.

Chuo cha binafsi au cha dhehebu kinaajiri chenyewe, hivyo hatua zote hapa kinaweza kuzifuata kikiamua kesho. Chuo cha serikali hupata watumishi wa kudumu kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na hapo mkuu wa chuo hana uhuru wa kubuni fomu. Lakini bado ana wakufunzi wa muda, wale wanaoitwa kwa simu: “njoo utusaidie moduli mbili.” Naomba msiwasahau hao. Kwa niliyoyaona, mlango wa muda ndio unaolindwa kidogo kuliko yote, maana mtu anaingia darasani Jumatatu na faili lake linafunguliwa mwezi unaofuata, au halifunguliwi kabisa. Na msiishie kwa wakufunzi. Mlezi wa bweni, mlinzi wa usiku, dereva wa basi la wanafunzi na mtunza maabara, wote wana funguo au wana madaraka juu ya binti wa watu.

Hatua ya kwanza: jueni mnachouliza

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kuna mambo manne ambayo watu huyachanganya: uvumi, malalamiko, uchunguzi unaoendelea, na uamuzi uliofikiwa baada ya mtuhumiwa kusikilizwa. Tamko lenu, yaani fomu ambayo mwombaji ataijaza na kuisaini, lihusu zaidi hilo la nne. Uvumi usiulizwe kabisa. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika. Chuo si mahakama, lakini hakina sababu ya kuwa na haki pungufu kuliko mahakama.

Tatizo ni kwamba wengi hawasubiri uamuzi. Barua ya kuitwa kwenye kamati ya nidhamu ikitoka asubuhi, barua ya kuacha kazi inaingia mchana. Ukiuliza tu “uliwahi kukutwa na hatia?” mtu huyo atajibu “hapana” na atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo ongezeni swali la pili: je, uliwahi kuacha kazi uchunguzi wa namna hiyo ukiwa unaendelea?

Maswali haya yanaulizwa kwingine tayari. Jimbo la Washington nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2020 inayovitaka vyuo, kabla ya kutoa ofa rasmi, vimwombe mwombaji asaini tamko kuhusu matokeo yaliyothibitishwa, uchunguzi unaoendelea, na kuondoka kazini katikati ya uchunguzi. California ilipitisha sheria yake mwaka 2023 kwa vyuo vikuu vya California State University na vyuo vya jamii, ikaishia kwenye maamuzi ya mwisho ya kiutawala au ya mahakama yaliyotolewa ndani ya miaka 7. Mimi nachukua upana wa maswali ya Washington na ukomo wa muda wa California, ila kwetu tuliweka miaka 10. Mkufunzi wa vyuo vya kati huku hukaa kituo kimoja miaka miwili mitatu na kuhama. Miaka 7 inaweza kukuonyesha vituo viwili tu.

Kisha elezeni, kwa Kiswahili ambacho mlinzi wa geti anakielewa, unyanyasaji wa kingono ni nini: maneno, meseji, picha, kugusa, au vitendo vya kingono ambavyo mwenzako havitaki. Rushwa ya ngono itajwe kwa jina lake. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la ajira, cheo, haki au upendeleo, na alama za mtihani zimo humo. Kanuni ya Adhabu nayo, tangu iliporekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inautaja unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai. Mtu asije akasema baadaye kwamba alidhani mnaulizia ubakaji peke yake.

Hatua ya pili: bodi ipitishe

Hii ni fupi. Sera ipite kwenye bodi ya chuo, muhtasari usainiwe, na tangazo la kazi liwe na sentensi moja: “Waombaji watakaofika hatua ya mwisho watatakiwa kujaza tamko kuhusu rekodi ya unyanyasaji wa kingono.” Sentensi hiyo peke yake hupunguza maombi ya baadhi ya watu. Kila mwombaji wa nafasi hiyo ajaze, bila kuchagua. Ukimpa fomu huyu kwa sababu umesikia jambo na yule usimpe kwa sababu ni mtoto wa mzee unayemheshimu, umebagua, na sera yenyewe imekufa.

Hatua ya tatu: fomu yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Yetu iliandikwa na kufutwa mara nyingi kabla ya kutulia hivi:

“Katika miaka 10 iliyopita, je, mwajiri, chuo, shule, baraza la taaluma au mahakama yoyote iliwahi kufikia uamuzi kwamba ulifanya unyanyasaji wa kingono au ulidai rushwa ya ngono? Ndiyo / Hapana.

Je, uliwahi kuacha kazi, kwa hiari au kwa makubaliano, wakati uchunguzi wa jambo hilo ukiendelea? Ndiyo / Hapana.

Je, kwa sasa unachunguzwa kwa jambo hilo? Ndiyo / Hapana.

Kama jibu lolote ni Ndiyo, eleza: taasisi, mwaka, uamuzi ulikuwa nini, adhabu ilikuwa nini, na kama ulikata rufaa matokeo yake yalikuwaje. Usitaje jina la mlalamikaji wala jambo lolote litakalomtambulisha.”

Sentensi ya mwisho isifutwe kwa sababu yoyote. Fomu yetu ya kwanza haikuwa nayo. Mwombaji mmoja akatuandikia jina kamili la binti, kozi yake na kijiji chake, akijitetea. Binti yule hakuwahi kukanyaga chuo chetu, hakuomba lolote kwetu, na jina lake likawa mezani mbele ya watu watano. Tulilifunika kwa wino mweusi, lakini lilikuwa limeshasomwa.

Chini ya maswali ziwepo aya mbili zenye sahihi zake. Ya kwanza ni ridhaa: “Naridhia waajiri wangu wa sasa na wa zamani waliotajwa katika maombi yangu wakipe chuo taarifa kuhusu mambo yaliyoulizwa hapo juu, na sitawadai kwa kutoa taarifa za kweli kwa nia njema.” Ya pili ni ukweli: “Naelewa kwamba jibu la uongo ni sababu ya kutoajiriwa, au ya kuchukuliwa hatua za kinidhamu hata baada ya kuajiriwa.”

Ridhaa ndiyo ufunguo wa kila kinachofuata. Wakuu wengi wa vyuo hawanyamazi kwa ubaya. Wanaogopa kushtakiwa kwa kumchafua mtu. Ukiwaonyesha sahihi ya mhusika mwenyewe, midomo inafunguka. Sheria nayo inaelekea huko huko: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu makosa katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi. Kama chuo chenu bado hakijajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lishughulikieni hilo kabla ya kuchapa fomu. Na mwanasheria aisome rasimu. Mawakili hawakosekani kwenye mji wenye Mahakama Kuu.

Hatua ya nne: ulizeni lini

Baada ya usaili, kabla ya barua ya ajira. Si kwenye maombi ya awali. Ukiwataka waombaji 80 wote wajaze, umejikusanyia kabati la siri za watu ambao hutawahi kuwaajiri. California nayo inasubiri kwanza chuo kijiridhishe kwamba mwombaji ana sifa za chini za kazi. Sisi tunawapa fomu wawili au watatu waliobaki, mmoja mmoja, chumbani, na tunawaeleza kwa mdomo fomu ni ya nini. Mpe mtu siku mbili akaijaze nyumbani. Nimemwona kaka mmoja, mkufunzi mzuri, akitetemeka mkono huku hana lolote la kuficha. Swali lenyewe ni zito.

Hatua ya tano: waulizeni waliokaa naye

Tamko bila kuhakiki ni karatasi. Washington yenyewe iliongeza sharti hilo: tangu Julai 2021 chuo kinatakiwa kuviandikia vyuo ambako mwombaji anafanya au aliwahi kufanya kazi.

Msitegemee wadhamini alioorodhesha. Mdhamini huchaguliwa na mwombaji, na hakuna anayemchagua mtu atakayemsema vibaya. Msitegemee cheti cha utumishi, kwa kuwa kina tarehe na cheo, na shauri lililoishia kwenye kamati halimo. Cheti cha tabia njema cha polisi, kile cha alama za vidole, kiombeni, lakini mjue kinazungumzia rekodi za jinai. Uamuzi wa kamati ya nidhamu ya chuo haufiki huko. Kwa wauguzi na madaktari, angalieni pia hali ya usajili kwenye baraza la taaluma yao.

Baada ya hapo andikeni barua kwa mkuu wa kila taasisi alikofanya kazi katika miaka hiyo 10, mkiambatanisha ridhaa. Barua iwe na maswali manne ya kujibika kwa mstari mmoja. Je, alifanya kazi kwenu, kuanzia lini hadi lini? Je, kuna uamuzi wowote dhidi yake wa unyanyasaji wa kingono? Je, aliondoka uchunguzi ukiendelea? Je, mngemwajiri tena? Swali la mwisho halihusu unyanyasaji moja kwa moja, ila limetusaidia kuliko yote. Mtu anayeona uzito kuandika “ndiyo, kuna uamuzi” ataandika “hapana” hapo bila kusita, na ninyi mtajua pa kuendelea kuuliza.

Barua huchelewa. Siku tatu baada ya kuituma, piga simu, na zungumza na mkuu mwenyewe, si katibu muhtasi. Nilivyompigia mkuu mmoja wa mkoa jirani ilikuwa hivi: “Shikamoo mzee. Natumaini barua yetu imefika. Nina ridhaa ya kijana mwenyewe mbele yangu, ameisaini juzi. Siombi habari za binti yeyote, wala sitaki jina. Naomba kujua tu kama kuna uamuzi.” Akasema, “Marahaba mwanangu. Subiri nikafunge mlango.” Aliporudi tuliongea dakika nne. Andika ulichoambiwa papo hapo, na tarehe, saa na jina la aliyekuambia, kisha mwombe akithibitishe kwa barua au baruapepe. Maneno ya simu peke yake yasimnyime mtu kazi.

Taasisi ikikataa kujibu, hilo si ushahidi dhidi ya mwombaji. Mwiteni, mwambieni, mwombeni awaletee mwenyewe barua kutoka kule. Anayeweza huileta.

Hatua ya sita: akijibu “Ndiyo”

Wengi wanadhani kazi imekwisha hapa. Lakini mkimkataa kila aliyesema kweli, mwaka unaofuata hamtapata hata mmoja atakayesema kweli.

Kaeni watu watatu, angalau mmoja mwanamke, na mmoja asiwe wa menejimenti ya chuo. Someni uamuzi wenyewe, si maelezo yake peke yake. Alisikilizwa? Rufaa ilisemaje? Kama rufaa ilimsafisha, basi amesafishwa, na faili lisiandike vinginevyo. Kama aliyekutwa na hatia aliadhibiwa kwa maneno ya kuudhi aliyomtupia mfanyakazi mwenzake miaka tisa iliyopita, akakiri, na waajiri wawili wa baadaye wanamsema vizuri, mnaweza kujadili. Kama alidai ngono kwa mwanafunzi ili ampe alama, mimi sijadili. Mtu huyo asipewe tena kalamu nyekundu juu ya karatasi ya binti wa mtu. Hapo sioni nafasi ya huruma, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa anayechunguzwa sasa, subirini kama nafasi inaweza kusubiri. Tuhuma isitumike kama hukumu.

Kabla ya kuamua dhidi ya mwombaji yeyote, mwiteni, mwonyesheni mlichoambiwa, mumpe nafasi ya kujibu kwa maandishi. Kuna majina yanayofanana, kuna maboksi ya faili yaliyochanganywa, na kuna wakuu wa vyuo wenye visasi. Tuliwahi kuletewa jibu la “ndiyo” kumbe ni la mtu mwingine mwenye jina la kwanza na la ukoo vilevile. Jina la kati ndilo lililomwokoa kijana yule, na ajira yake.

Ikigundulika baada ya kuajiri kwamba alidanganya, fuateni utaratibu kamili wa nidhamu chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: barua ya tuhuma, muda wa kujiandaa, kikao, uamuzi, rufaa. Shitaka ni uongo kwenye tamko, ambao ni rahisi kuuthibitisha kuliko kufufua shauri la zamani. Mkiruka hatua, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi itawarudisha nyuma, na yeye atatembea kifua mbele.

Hatua ya saba: kabati

Fomu hizi zisikae kwenye faili la kawaida ambalo karani wa masijala na mhasibu wanalifungua. Ziwe na kabati lake, na funguo mbili tu. Za wasioajiriwa tunazichana baada ya miezi 6. Zisipigwe picha za simu wala kutumwa kwenye grupu la WhatsApp la menejimenti, hata kwa dharura.

Hatua ya nane: nyumba yenu wenyewe

Mwenzako hawezi kukujibu kama hakuwahi kuandika uamuzi. Nawe siku moja utaulizwa. Kwa hiyo, mfanyakazi akiacha kazi uchunguzi ukiendelea, msifunge faili. Malizeni, mpeni nafasi ya kujitetea hata akiwa nje, andikeni mlichokikuta, mumpelekee nakala. Msisaini makubaliano yanayowazuia kusema kweli kwa mwajiri ajaye. Na jambo la jinai lipelekwe TAKUKURU au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, badala ya kumalizwa na barua ya kuacha kazi.

Mwaka jana, msimu wa maembe, ilikuja barua kutoka chuo kimoja mkoani Kigoma. Waliambatanisha ridhaa iliyosainiwa na mtu niliyemjua vizuri, na maswali manne yanayofanana sana na yetu. Nilitoa faili kabatini, nikaujibu mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mkuu wa chuo akasaini kabla ya saa sita. Nikaipiga skani na kuituma, kisha nikampigia mwenzangu wa kule kumwambia imetumwa. “Asante dada,” akasema, “tulikuwa tunakaa kikao kesho.”